Fungu la Binti

Kahonzi, afisa wa idara ya masuala ya katiba katika kaunti, alikuja kwao Kaloleni kuwafafanulia watu haki zao. Alipofika kwenye urithi, alitazama mstari wa mbele ukumbini. Babake alikuwa ameketi hapo.

"Binti ana haki ya kurithi ardhi ya babake sawa na ndugu zake wa kiume," alisema.

Babake akasimama. "Basi nenda ukaishi huko kwenye katiba. Kwangu usirudi tena."

Maiki ilimteleza Kahonzi mkononi kwa jasho.

Ndipo mamake, ambaye alikuwa hajawahi kusema neno barazani, akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Nami nakwenda naye."

Mzee alikitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, asikipate.