Damu kwenye Panga la Mfaume

“Lioshe, Mama Kibibi! Nakuomba, lioshe!”

Mfaume alipiga kelele huku mgambo wawili wakimfunga mikono kwa kamba ya katani. Mkewe, Biasha, hakusogea. Alisimama mlangoni na panga la mumewe, amelishika kwa jani la mgomba, amelinyoosha mbali na mwili wake. Damu ilikuwa bado mbichi. Inzi wa kijani walikuwa wameshaijua, na harufu ilimpanda Biasha mpaka machoni.

Asubuhi hiyo watu waliokwenda kupalilia shamba la kijiji walimkuta Klementi, muuzaji wa duka la ushirika, amelala chini ya mikorosho, amekatwakatwa. Vilio vilipoanza, Mfaume akatokea porini mbio, panga mkononi, shati limelowa damu. Walipomuuliza ni damu ya nani, alitazama chini.

“Umekuwa bubu?” aliuliza Likwata, mwenyekiti wa kijiji. “Jana umegombana na Klementi dukani, kila mtu kasikia. Leo Klementi maiti, na wewe una damu. Tufikirie nini?”

Mfaume alimgeukia mkewe tu. “Lioshe.”

“Hata dini inataka lioshwe,” alisema Mwalimu Abdurahmani, aliyesomesha watoto Kurani. “Damu ni najisi. Chota maji, Biasha.”

“Unisamehe, mwalimu. Silioshi.”

Wiki mbili kabla, Koplo Valentini alikuja kutoka Kilwa Masoko kuwafundisha wanakijiji. Mtu akiuawa, alisema, msiguse, msifagie, msioshe. Dar es Salaam yuko mkemia wa serikali. Mpelekeeni hata damu iliyokauka, atawaambia kama ni ya mtu au ya mnyama, na mnyama gani.

“Basi atuambie na kuku wangu kaibwa na nani,” Likwata alisema, na watu wakashika mbavu. Biasha, aliyeishia darasa la tatu na ambaye hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni, alikaa nyuma ya wanawake wote akisikiliza kila neno.

Sasa mumewe alikuwa akimsihi aioshe damu ileile. Kama hakuua, anaogopa nini? Hata hivyo alilifunga panga ndani ya kanga yake moja, akaliweka juu ya kinu, akakaa chini kulilinda.

Wanawake walipita kumtazama. Mwahija, jirani yake, alimtemea mate miguuni.

“Muuaji mmoja, na mwingine analala naye!”

“Nyama aliyoileta Mfaume mlikuwa mkiigombania hapahapa mlangoni,” Biasha alisema. “Leo mnanitemea?”

Mwahija aliondoka. Tangu serikali iwahamishie kijiji hiki, Mfaume ndiye aliyekuwa mtega wanyama wao. Kila Ijumaa alileta nyama ya swala, imeshachunwa na kukatwa vipande hukohuko porini, akaigawa nyumba kwa nyumba. Watu wa vijiji vingine walikula ugali wa muhogo kwa mlenda. Mwalimu Abdurahmani alipewa fungu la kwanza, na alisifu mafuta yake. Mfaume mwenyewe hakula. Meno yalimsumbua.

Koplo alifika kesho yake. Chini ya mikorosho palikuwa pamefagiwa na kumwagiwa mchanga mpya. Maiti ilikuwa imeoshwa, imevishwa nguo safi, na nguo za damu zimechomwa.

“Nyayo zote mmefuta!” alisema kwa kinyaa, kama mtu aliyekanyaga mavi. “Sasa nani atajua ni nani aliyepita hapa?”

“Tungeuachaje uchafu ule, afande?” Likwata aliuliza. “Mgeni ungekuja ukautazama?”

“Ndiyo! Uchafu huo ndio nilioutaka!”

Biasha akamletea kanga. Koplo aliifungua, akalitazama panga, akalipokea kwa mikono miwili.

“Mama, watu mia mbili nimewafundisha. Umenisikia wewe peke yako.”

Mfaume alikuwa akipandishwa kwenye Landrova. Aliiona ile kanga, akafumba macho.

“Umenimaliza, Mama Kibibi.”

Miezi minane alikaa mahabusu Lindi. Biasha alimpelekea chakula kila alipopata lori. Kila mara alimuuliza kitu kimoja.

“Baba Kibibi, damu ile ni ya nani? Niambie mimi tu.”

“Waache waninyonge,” alijibu. “Bora.”

Biasha alirudi nyumbani akijichukia kwa kuolewa naye, na akijichukia zaidi kwa lile panga.

Siku ya kesi karibu kijiji kizima kilikuja. Mwenyekiti na Mwalimu Abdurahmani walikaa benchi la mbele kama mashahidi. Biasha alikaa nyuma yao. Karani alisimama na barua ya mkemia, akasoma.

“Damu iliyokutwa kwenye panga na shati la mshtakiwa si ya binadamu.”

Biasha alipiga kigelegele kabla askari hajamnyamazisha. Mwalimu Abdurahmani aliinua mikono. “Alhamdulillahi!” Likwata, aliyekuwa ameapa kwamba Mfaume ndiye muuaji, alipiga makofi. Mwahija alimshika Biasha bega na kulia naye. Kizimbani, mshtakiwa peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

“Kimya,” alisema jaji. “Karani, malizia. Ni ya mnyama gani?”

Mfaume alijifunika uso kwa mikono yake yenye pingu.

“Nguruwe, mheshimiwa.”

Jaji alipomwachia huru na askari wakamfungua, hakukuwa na mtu wa kumpokea. Biasha alikuwa nje ameshika ukuta wa mahakama, Mwalimu Abdurahmani upande wake mmoja na mwenyekiti upande wa pili, wote watatu wameinama, vidole kooni.