Damu Isiyogeuka

"Bado nyeusi," mtabibu alisema, kwa mara ya nne.

Mama mkwe wake alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha matibabu, gauni limekunjwa hadi magotini. Kwenye shavu la mguu wake wa kushoto mishipa ilikuwa imevimba na kujikunja kama kamba iliyotupwa ovyo. Miaka thelathini ya kusimama jikoni, akipikia shule ya bweni, haikumwacha hivihivi.

Mtabibu hakuona alipokosea, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amempima presha. Alikuwa amemuuliza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, akaapa hatumii. Alihakikisha amekula. Alimlaza, maana anayetobolewa mshipa akiwa amesimama anaweza kuzimia na kudondoka kama gunia. Hata miwani ya kujikinga alikuwa ameiazima kwa jirani, kwa sababu wiki iliyopita damu ya muuza viatu ilimrukia hadi kwenye nyusi.

Mwalimu aliyemfundisha tiba hii ya kutoboa mishipa na kutoa damu alimwachia kanuni mbili. Usiache mpaka damu nyeusi igeuke nyekundu. Usizidishe kikombe kimoja kidogo. Hakumwambia afanye nini siku kanuni hizo zikigombana.

"Taa hii nayo!" alifoka. "Haina mwanga kabisa."

"Taa ya nini, baba? Jua lote la saa sita liko mgongoni kwangu."

Upande wa pili wa ukuta fundi wa mageti alikuwa akigonga chuma tangu asubuhi, na kila pigo la nyundo lilimwingia mtabibu kichwani.

Kwa miezi mitatu mama mkwe alikuwa akilalamika kwa jamaa kwamba binti yake aliolewa na mtu wa ofisini, akaamka na mchoma sindano. Mguu ulipomzidia, akaweka sharti mbele ya ukoo mzima: "Ukinipa nafuu, sifungui tena mdomo. Ukishindwa, funga hicho chumba urudi kwenye kazi ya maana." Mtabibu alikubali mbiombio. Sasa kikombe kilikuwa kimejaa, na damu ilikuwa nyeusi ti.

Alibana matundu kwa pamba, akafunga bendeji, akafunika kikombe kwa karatasi. Alitamani kukipigiza ukutani.

"Mama," alisema, "damu yako imekataa kusafika. Hili si jambo la mguu tu. Nenda hospitali kubwa, leo hii."

Mama mkwe aliinuka taratibu, akakaa. "Mbona mguu umekuwa mwepesi?"

"Usidanganyike, Mama. Ni nafuu ya muda tu."

Alimwita mke wake, ambaye hawezi kuona damu na alikuwa akisubiri nje. Mke aliposikia, alimtazama mumewe kwa jicho lililobeba matusi yote ambayo mdomo uliyaogopa mbele ya mama.

"Si ulisema unajua?"

"Najua!"

"Unajua nini sasa?"

"Mwache," mama mkwe alisema, akitafuta viatu. "Angalau hakunificha." Kisha akamgeukia binti yake. "Zile sufuria zangu kubwa, mpe mdogo wako. Wewe hupiki."

Mke akaanza kulia. Wakatoka wameshikana mikono. Mtabibu alimsikia mama mkwe akishuka ngazi za kuelekea barabarani bila kupumzika, mwanamke ambaye asubuhi alizipanda kwa robo saa huku akimwita Mungu kila hatua. Hofu humpa mtu miguu, alijiambia kwa uchungu.

Ahadi ni deni. Alichukua bisibisi, akaenda mlangoni kung'oa kibao chenye jina la kliniki. Skrubu ya kwanza ilimtesa, ya pili ikamchana kidole. Alilaani sindano, akalaani mwalimu wake, akailaani siku aliyoacha kiti chake cha ofisini. Kibao kilipomdondokea mikononi, nyundo ya jirani nayo ikanyamaza, na fundi akatokeza kichwa.

"Jirani, samahani. Hiyo miwani naihitaji sasa. Kugonga nimemaliza, nataka kuanza kuchomelea."

Mtabibu aliivua, akampa. Mwanga ulimjaa machoni mpaka akapepesa. Akageuka kuangalia chumba chake: karatasi ilikuwa imepeperuka kutoka kwenye kikombe, na damu iliyojaa ndani yake ilikuwa nyekundu pyu.