Chokaa ya Bwawa la Hamidah

Samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta.

Hamidah akamshika mmoja, akamfunua matamvua. Yamejaa ute mzito. Maji ya huku kwao Buteba yana uchachu. Bila chokaa humchoma samaki pale pale anapopumulia.

"Si ulisema umemwaga magunia yote sita?"

"Wallahi nilimwaga, mama watoto," mumewe akajibu kutoka ng'ambo ya bwawa.

Jirani aliyekuwa akitoka Bulumbi akasimama njiani, anacheka. "Dada, nyumba ya mke mwenzio kule Bulumbi imepakwa, nyeupe pe! Nimeegemea ukuta kidogo tu, ona!"

Bega lake zima lilikuwa jeupe.

Mume akainama, akajifanya anatazama maji.

Hamidah akamrudisha samaki taratibu. "Nisubiri, dada. Nachukua panga na gunia. Nakwenda kukwangua chokaa yangu."