Siku Kumi za Namba Nne

Mlango ulikataa kufungika. Mpanga ratiba aliusukuma kwa bega, wapi! Asubuhi ulikuwa ukifungika vizuri tu. "Maseremala wa siku hizi!" alifyonya. Kampuni ilihamia jengo hili jana, rangi bado inanuka, na mambo yameshaanza kwenda mrama.

Juu, kwenye ghorofa tupu, binti yake aliruka kamba huku akihesabu. Shule zimefungwa, na nyumbani hakuna wa kumwachia.

Mpanga ratiba alirudi kwenye ubao wake. Miradi mitano ya ujenzi, kila mmoja na namba yake, kila kazi na kadi yake ikingoja nyingine. Wiki iliyopita namba mbili ilikwama kwa kukosa mirunda, ile miti inayoshikilia zege mpaka likomae. Namba nne ilikuwa nayo, tena ilikuwa na siku kumi nyeupe, hazina kadi hata moja. Akazichukua, mirunda ikahama. Bosi alimsifu mbele ya watu: "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!"

Leo ndiyo kaona kosa lake. Zile siku hazikuwa za bure. Hazikuwa na kadi kwa sababu zege lilikuwa linangojwa likomae.

Alimpigia simu msimamizi wa mafundi, mzee waliyemwita Timazi.

"Mzee, ile mirunda ya namba nne umeshaitoa?"

"Zamani. Nilikuuliza mara mbili, ukasema ratiba ni ratiba."

"Nilikosea, mzee wangu. Irudishe leo hii, kabla watu hawajaingia. Litaua mtu lile zege!"

Vumbi jeupe lilidondoka kwenye chai ya mpanga ratiba. Akaisogeza pembeni, likadondoka jingine.

"Mama," mzee alisema taratibu, "wewe hujawahi kufika kwenye ujenzi hata siku moja, ee?"

"Nifike saa ngapi? Mimi najua namba tu. Nitajie mtaa, nije mwenyewe."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Ofisini. Hii mpya."

"Toka nje! Toka, mama, acha kila kitu! Hiyo hiyo ndiyo namba nne."

Juu ya kichwa chake, kamba ilipiga sakafu. Tisini na nane. Tisini na tisa.