Taa ya Dirishani

Taa iliyo juu ya meza ya dirishani ilizimika tena. Mhariri akainua mikono yote miwili, akaipunga hewani kama anayefukuza nyuki. Ikawaka. Akashusha pumzi, akarudi kwenye kurasa.

"Dada, hizi taa zitakutoa roho," alisema jirani yake, wakala wa bima. "Ukitulia dakika tano tu, giza!"

"Ndiyo maana situlii." Akacheka, akageuza ukurasa.

Ukumbi ule ulikuwa wa kupangisha meza, watu wa bima huku, wachora ramani kule, kila mtu na lake. Kampuni yake, ya vitabu vya shule, ilikuwa na meza mbili tu: yake nyuma ya nguzo, na hii ya dirishani, ya rafiki yake. Bosi wao alikaa mji mwingine. Alichokuwa nacho ni simu, na kwenye simu orodha ya taa za meza hizo mbili: ipi imewaka, tangu saa ngapi, mpaka saa ngapi. Eti ni kubana matumizi ya umeme. Umeme gani! Mwezi uliopita rafiki alichelewa mara tatu, akapewa barua: taa yake ikikaa giza hata siku moja, asirudi.

Kisha mtoto wa rafiki akalazwa, anapumua kwa mpira wa oksijeni. Baba mtu hajulikani aliko. Ruhusa ikaombwa, ikakataliwa.

"Wewe kaa na mwanao," mhariri alimwambia kwa simu. "Taa niachie mimi."

Siku ya kwanza alitundika koti kitini, akawasha feni ilitikise. Wapi! Fundi aliyefunga vile vidude vya darini vya kuwashia taa alimcheka. "Havidanganywi na nguo, mama. Vinataka joto la mtu."

Basi akabeba chai yake, kamusi yake na mto wake wa mgongo, akahamia dirishani. Siku tisa. Alikula palepale. Alibana haja mpaka machozi yakamlenga. Kurasa za rafiki alizimaliza zote. Zake zingesubiri, miaka sita hajawahi kuchelewesha kazi, nani angemuuliza?

Siku ya kumi mtoto akaruhusiwa, na rafiki akarudi, macho yamevimba. Hata hawajakumbatiana vizuri, bosi huyo mlangoni, simu mkononi. Akamwita rafiki kwenye chumba cha mikutano, akafunga mlango.

Mhariri alibaki nje. Mungu wangu, asigundue. Yule mtoto atatibiwa kwa pesa gani?

Mlango ukafunguliwa. Rafiki akatoka analia.

"Amekufukuza?"

"Hapana. Amenisifu. Anasema taa yangu haijakosa kuwaka hata siku moja."

"Sasa unalia nini, mwenzangu?"

Rafiki akamshika mikono yote miwili.

"Ameniuliza kwa nini taa yako ya nyuma ya nguzo imekaa giza siku tisa. Ameniuliza kama nilikuona kazini. Ningesema nimekuona, angeuliza ulikuwa umekaa wapi. Nimemwambia sijakuona."