Mkono wa Kwanza

Mkono wa Papa Lokangu ulisimama juu ya sahani kubwa ya fufu. Katika nyumba hii ya wazee iliyotunzwa na masera, watawa wa kike, huko Kabondo, wanne walikula sahani moja, na mkubwa ndiye aliyeanza.

"Papa, anza basi! Ama unangoja tukulishe kama bwana arusi?" mmoja wa wenzake akamtania.

Wote wakacheka. Hivyo ndivyo kaka zake walivyocheka zamani kule Yanonge, vidole vikigongana ndani ya mchuzi wa samaki.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani. Tangu alfajiri alikuwa amekwenda chooni mara nne, kimya kimya, akimwomba Mungu amwepushe.

Akaurudisha mkono.

"Bon, musiguse kitu," akasema. "Muite masera. Na mukule mbali na mimi."