Nguchiro na Bei ya Mayai ya Mbuni

Waliosoma huisimulia vibaya hadithi hii, lakini hivi ndivyo ilivyokuwa. Nguchiro hakuwa akipata usingizi kwa wivu: yai moja la Mbuni lilikuwa likiuzwa debe zima la mtama! Akaapa kwamba bei itaanguka, naye atafaidi. Angeazima yai, aliuze leo ghali, kisha baada ya mavuno anunue jingine kwa bei rahisi alirudishe. Lakini wenye wivu walikuwa wengi, na mwazimishaji mmoja tu, Pimbi, aliyetaka kodi ya nusu debe.

Nguchiro akazungukia kwa Nungunungu, muuza ahadi.

"Niahidi kwamba baada ya mavuno utanunua yai kwangu kwa debe zima, hata bei ikianguka."

"Ahadi hiyo ni nusu debe," akasema Nungunungu.

"Mmekula njama!"

"Njama gani, bwana wee? Nikikuahidi, lazima nijikinge: niazime yai kwa Pimbi niliuze leo. Kodi yake ni juu yako."

Nguchiro akalipa huku akisonya. Mavuno yakaja, bei ikaanguka hadi nusu debe. Akanunua yai kwa nusu debe, akamuuzia Nungunungu kwa debe zima, akarukaruka kwa furaha, kisha akapiga hesabu: alichopata ndicho alichotoa. Akamvamia Pimbi.

"Kodi zetu umezila peke yako!"

"Mimi wakala tu, kaka. Mayai yote ya kuazimisha ni ya Mbuni, na anakusalimu sana."